Ubongo Wangu Umebandikwa Dirishani

Mshauri, shikamoo, nakuomba unisikilize kabla sijafanya jambo la kijinga, mimi ni mke wa mtu hapa Buswelu, nashona nguo, na kwa miaka kichwa kimenitesa, kinaanza upande mmoja nyuma ya jicho, kinagonga, natapika, mwanga siutaki, hata harufu ya dagaa wa jirani siiwezi, nikilala gizani kesho yake naamka mzima, basi mume wangu Nkwabi na ndugu zake wakakaa kikao wakasema huyu ana uvimbe kichwani, tusije tukalaumiwa, wakauza dume la ng'ombe lililotengwa kwa mahari ya shemeji yangu Ngosha. Daktari wa kwanza alinipima vizuri, akasema picha ya kichwa haihitajiki, wakamwona anatubania, tukaenda hospitali nyingine ya binafsi nikapigwa CT Scan, majibu yakatoka, hakuna kitu.

Mshauri, ungeona nyuso zao! Hakuna hata mmoja aliyesema Mungu ashukuriwe. Ngosha akasema, "Kwa hiyo dume langu limekwenda kupiga picha hewa?" Kesho yake Nkwabi akaibandika ile picha kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, jua likipiga ubongo wangu wote uko nje, na kila mgeni akija, mpaka wanajumuiya, mama mkwe anaonyesha kwa kidole, "Mtazameni mgonjwa wetu, kichwa kizima kabisa, ni uvivu tu." Nikishikwa, Nkwabi hata hainuki, anasema kaangalie dirishani. Ngosha hanisalimii, maana binti aliyekuwa akimchumbia ameshaolewa Mkolani.

Nikwambie ukweli, nililia kwa sababu hawakuuona huo uvimbe, wangeuona ningeheshimiwa. Sasa nameza vidonge vya maumivu kila siku, asubuhi na jioni, ili nishone kimya kimya, na siku hizi kichwa hakiniachi kabisa. Nasikia kuna kipimo kikubwa zaidi, MRI, nataka niuze cherehani yangu nikapime, nipate cha kuwaonyesha, kwa sababu Nkwabi amesema nikilala tena mchana nifungashe nirudi kwetu Sengerema. Na juzi nimemkuta binti yangu Winnie, yuko darasa la saba, anatapika chooni huku ameshika jicho, amejiziba mdomo na sweta asisikike, akaniambia, "Mama, usimwambie bibi." Niuze, au nisiuze?

Mama Winnie, Buswelu

Marahaba, Mama Winnie. Usiuze. Hiyo cherehani ndiyo mkono wako, iache hapo ilipo.

Pole sana, lakini acha nikugombeze. Unatamani uvimbe? Unaujua uvimbe wewe? Kuna watu wanapewa majibu hayo wanakaa chini pale pale kwenye korido. Usirudie tena kuomba hivyo.

Picha inaonyesha uvimbe, inaonyesha damu iliyovuja. Maumivu haiyaonyeshi. Hayo unayoyaeleza yanafanana sana na kipandauso, nacho ni ugonjwa wa kweli, na picha ya mwenye kipandauso kwa kawaida hutoka safi. Daktari wa kwanza alikuuliza, akakupima, akajua. Ninyi mkaona anabana kwa sababu hakuwapa mashine! Dume limekwenda kwa ubishi wa ukoo, siyo kwa uongo wako, na Ngosha umwambie hivyo ukiwa umesimama. Hata hiyo MRI huenda ikatoka safi vilevile, nao watabandika dirisha la pili.

Kosa lako ni vidonge. Asubuhi na jioni, kila siku? Jamani! Dawa za maumivu zikizidi, zenyewe zinaleta kichwa, na tumbo na figo vinaumia. Rudi kwa yule daktari wa kwanza, mweleze unavyomeza bila kuficha, akupangie namna ya kuacha na akuangalizie dawa ya kuzuia. Ila kichwa kikikujia ghafla kwa kishindo, au mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito, macho yakapoteza nuru, ukaanguka kifafa, au ikaja homa na shingo kukakamaa, usingoje kikao cha mtu. Kimbia hospitali, na wakisema picha, piga.

Wewe Nkwabi, najua utasomewa hii. Ulimpeleka mkeo hospitali ukiogopa atakufa. Ulipoambiwa hafi, ukamwadhibu. Huoni aibu? Safari hii ingia naye kwa daktari, ukae, usikie kwa masikio yako.

Sasa Winnie. Huyo ndiye aliyenifanya niisome barua yako mara mbili. Kipandauso mara nyingi kinatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na binti yako ameshafundishwa na lile dirisha kwamba kwenu mtu akiumwa anajiziba mdomo. Mpeleke naye akaonwe. Lakini kabla ya hospitali, leo hii, mama mkwe akiwa amekaa pale pale sebuleni, bandua hiyo picha. Usiichane, daktari ataitaka. Irudishe kwenye bahasha yake, na umwite Winnie akushikie bahasha.