Utukufu Ulionitoka Kabla ya Wakati

Baraka, kando ya ziwa, Jumamosi. Kesho ni Jumapili ya pili ya Majilio.

Mvua imeshuka kutoka milimani tangu asubuhi na haioni haya kuendelea. Ziwa limekuwa rangi ya chai ya maziwa, uwanja wa parokia ni tope tupu, na mimi nimerudi nyumbani nimeshika viatu mkononi. Nimechoka. Nina furaha. Sijui nianze na kipi.

Nianze na aibu, maana wiki nzima nimelala nayo.

Mimi ndiye ninayeongoza korali yetu. Kwa wasioijua Misa ya Kikatoliki: katika majuma haya manne ya kungojea Noeli, wimbo wa Utukufu hauimbwi. Unawekwa kando, kama kitenge cha sikukuu kilichofungiwa sandukuni, mpaka Misa ya mkesha. Padri anavaa zambarau, ngoma inapigwa kwa adabu, na baada ya "Bwana utuhurumie" tunakaa kimya kungoja sala. Hata watoto wa komunyo ya kwanza wanalijua hilo. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha.

Jumapili iliyopita nikauanzisha.

Nimetafuta uongo mzuri wa kuwapa watu wa kamati ya parokia na nimeukosa, kwa hiyo hapa naandika ukweli. Sikusahau. Tulikuwa tunamaliza "Bwana utuhurumie" nilipotupa jicho mlangoni nikamwona Mama anaingia.

Mama hakuwa amekanyaga kanisani kwa miaka mitatu. Ndiye aliyeongoza korali kabla yangu, na mpaka leo kuna watu hapa Baraka wanaonilinganisha naye mbele yangu bila kuona tabu. Kisha mdogo wangu Alimasi akaenda Misisi kuchimba dhahabu, na shimo likamporomokea yeye na wenzake, wasitoke. Habari ilimkuta Mama katikati ya mazoezi ya Noeli, mkono wake bado uko juu, anawahesabia alto. Alifunga daftari lake la nyimbo, akaondoka. Tangu siku ile hakuimba tena, hata jikoni. Rozari alikuwa anasali nyumbani, lakini kwa kunong'ona. Mimi nikapewa nafasi yake bila kuiomba.

Sikuwahi kumlaumu. Hapana, hapa si mahali pa kudanganya: nilimlaumu mara nyingi.

Basi, namwona mlangoni, kitambaa kichwani, anatafuta pa kukaa kwenye benchi la nyuma, na mkono wangu ukapanda wenyewe. Utukufu ukanitoka kwa sauti yote niliyo nayo. Korali ikafuata kwa sababu imezoea kunifuata. Papa Byaombe, mpiga ngoma wetu, mtu asiyehitaji kubembelezwa, akaitwanga ngoma kama yuko harusini. Wamama wakatoka kwenye mabenchi wakipunga vitambaa. Padri alikuwa amekwisha kufungua mikono kwa ajili ya sala. Alitutazama, akaona hakuna wa kutusimamisha, akaikunja mikono yake na kungoja mpaka mwisho.

"Bakristu," akasema taratibu, "naona Noeli imetupita mu njia."

Kanisa zima likacheka. Niligeuka kumtafuta Mama. Pale alipokuwa amekaa palikuwa wazi.

Kicheko nilikivumilia. Jumatatu wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, walinipokea sokoni kwa "Noeli njema!" na mmoja akaniuliza kama Pasaka itakuwa Alhamisi. Sawa. Kilichoniumiza ni ile nafasi wazi. Miaka mitatu namwomba Mungu anirudishie Mama kanisani. Amemleta mwenyewe, kwa miguu yake, na mimi nikamfukuza kwa kelele kabla hata hajakaa vizuri.

Jioni ileile ya Jumapili nilikwenda kwake nikakuta kufuli. Jirani akaniambia amepanda pikipiki kwenda Lubondja, kwa dada yake, kuvuna mihogo. Simu haikupita. Wiki nzima nimelifumua taji la mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili ya Majilio, nikalisuka upya kwa majani ya mchikichi, nikalifumua tena, huku nikimtolea Mungu maneno ambayo mtu hapaswi kuyatoa akiwa ameshika kitu cha altareni. Nilimwambia kwamba kama huu ndio utani wake, mimi siucheki.

Leo mchana mazoezi yalianza vibaya. Mvua inapiga mabati, nusu ya soprano hawapo, tenori wanaimba kila mtu na barabara yake. Nilikuwa karibu kuwaruhusu waende. Ndipo mlango wa pembeni ukafunguliwa, na Mama akaingia, tope mpaka magotini, beseni la mihogo kichwani, na kwapani kitu kilichofungwa kwenye plastiki.

Hakusalimia mtu.

"Riziki," akaniita, "nani alikufundishaka kuimba Utukufu mu Majilio? Ni miye? Sema hapa mbele ya bantu, ni miye nilikufundishaka vile?"

"Apana, Mama."

"Bananicheka mupaka kule Lubondja! Bananiuliza, Mama Riziki, binti yako anafanyaka Noeli mara ngapi mu mwaka?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama akatua beseni lake, akafungua ile plastiki. Ndani mlikuwa na daftari lake la nyimbo, kavu kabisa, wakati yeye mwenyewe ameloa chapachapa. Akakaa mwisho wa benchi la alto na kuniashiria kwa kidevu niendelee.

Niliendelea. Hatukufika mbali.

"Batenore, munapiga kelele. Ile haiko kuimba, ni kuitana ku soko," akadakia Mama. Na baada ya muda kidogo: "Rudia. Iko chini sana."

Nikarudia, ikawa bado chini. Basi Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, akatupa sauti ya kuanzia. Aliivumisha tu, mdomo umefungwa, labda kwa muda wa pumzi mbili. Papa Byaombe aliinama kufunga kamba ya ngoma yake, na akakaa ameinama muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji. Mimi niliangalia mabati. Kisha tukaimba, na tenori, kwa mara ya kwanza tangu niwajue, walikuwa pamoja.

Baada ya mazoezi nilimbebea beseni. Mvua ilikuwa imepungua. Nilitembea naye mpaka karibu na kwake ndipo nikapata nguvu ya kusema.

"Mama, siku ile nilikuona unaingia. Kosa yangu ilitokea pale."

"Nilijua."

"Nilizani ni kelele yetu ilikufukuza."

Alitembea hatua kadhaa, anachagua mahali pa kukanyaga kwenye tope.

"Kelele gani? Kama ningebakia pale, ningeimba. Na mi sikukuwa tayari."

Wiki nzima nimelia juu ya nafasi wazi, na kumbe aliondoka kwa sababu wimbo ulikuwa umemfika kooni. Nililia tena, lakini njia ilikuwa na mvua, hakuna aliyejua.

Mlangoni alinipokea beseni, akanipimia mihogo mitatu, kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Ku Noeli, nani ataanzisha Utukufu?"

"Hatuyapanga bado," nikasema.

Huo ni uongo. Tulipanga tangu mwezi uliopita na karatasi imebandikwa ukutani kwangu: Utukufu, Riziki. Nitauungama kwa Padri, wala sitajuta sana.

Mama akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi musipange mbio," akasema, na kufunga mlango.

Sasa mihogo iko jikoni inachemka. Nimeibandua ile karatasi. Bahati nzuri nilikuwa nimeandika kwa penseli, nami nimelifuta jina langu mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Penye jina sasa pako wazi.

Atakuja kesho? Hakusema, nami sikuuliza. Akija, atanikuta nimesimama mbele ya korali, na baada ya "Bwana utuhurumie" mikono yangu yote miwili itakuwa nyuma ya mgongo, mmoja umeshika mwingine.

Kesho tunawasha mshumaa wa pili tu. Bado miwili. Sitapanga mbio.