Mikono ya Kukandia

Chiang Mai,
5 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na vifundo vya mikono havikusumbui sana na baridi hii ya London. Unazivaa zile glavu nilizokununulia, au umezitia kabatini zisichafuke? Mie mzima, ila miguu imevimba kidogo kwa safari.

Nakuandikia, na barua naipiga picha nikutumie kwenye simu, badala ya kupiga, kwa sababu nikipiga utanikata kauli kabla sijafika katikati, nami nitaogopa. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, nakuomba.

Nilikwambia nakuja Thailand wiki mbili kupumzika na wenzangu wa kazini. Si kweli. Wenzangu wako Walthamstow kwenye duka la dawa, na mie si mwenzao tena. Niliacha kazi tarehe ishirini Disemba. Nimekuja peke yangu na ntakaa wiki nane. Nimejiandikisha chuo cha kukanda watu mwili. Ndiyo Mama, kukanda. Naanza kesho.

Nimefikia hosteli ya bei rahisi ndani ya mji wa kale, ule uliozungukwa na handaki la maji pande zote nne. Chumba kina vitanda sita vya juu na chini, wanawake peke yetu, na mie nimepewa cha juu. Kila mtu ana pazia lake, taa yake na kabati la kufuli. Viatu vinaachwa mlangoni, kama kwetu. Mwenye hosteli ni bibi wa miaka sabini na kitu, kila mtu anamwita Pa Noi, yaani Shangazi Noi. Jana alinikuta nimekwama kwenye ngazi ya kitanda na begi mgongoni, akacheka mpaka akakaa chini. Chakula cha halali kipo, msikiti upo, robo saa kwa miguu. Kwa hilo usihofu.

Nataka radhi yako tu. Bila radhi yako mikono yangu haitakuwa na baraka, hata nikipata vyeti kumi.

Mwanao,
Jokha


Walthamstow,
13 Januari 2025

Kwako Jokha,

Marahaba. Mie mzima wa mwili, wa moyo usiniulize. Glavu navaa.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Hebu n'ambie bibi wee, nani kakutia wazimu? Miaka minne ya chuo kikuu, kumi na moja dukani na koti jeupe, watu wanakuamkia kwa heshima, leo unakwenda kupanda ngazi ukalale juu kama kuku, ati unajifunza kukanda! Bibi yako, Mungu amrehemu, alikanda nusu ya wanawake waliojifungua Unguja mjini. Mie mwenyewe nilianza nina miaka kumi na tano. Ufundi umelala ndani ya nyumba yenu, weye unapanda ndege kwenda kuutafuta kwa watu wa Siam. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jana kwenye kisomo cha Kurani cha Jumapili Bi Shemsa kaniuliza mbele ya watu, "Jokha yuko wapi, mbona hatumuoni?" Niliona haya. Unajua vizuri, Thailand na kukanda vikitajwa pamoja watu wanafikiria nini. Nikajikuta nimesema umekwenda Umra. Basi! Vigelegele, dua, na sasa nina orodha. Bi Shemsa anataka maji ya Zamzam chupa mbili, mwengine tende, na mwengine kanipa jina la bintiye umuombee apate mume mbele ya Al-Kaaba. Sijui uso nitauweka wapi.

Sasa nisikilize. Zahra, mke wa kakako Nassor, anajifungua mwisho wa mwezi huu. Mzazi wa kwetu hukandwa kwa maji moto siku arubaini, na mikono yangu si ile tena. Miaka ishirini na mbili ya kukunja mashuka ya hoteli imeimaliza. Ukirudi kabla hajajifungua ntakufundisha mwenyewe, kidogo, ya kumtosha Zahra, kisha utarudi kwenye kazi yako. Usiporudi, habari za radhi usiniulize.

Mamako


Chiang Mai,
15 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Vipi hali yako, na Zahra je, miguu haijamvimba? Mpe salamu zangu na umwambie alale ubavu wa kushoto.

Mama, umenipeleka Makka bila hata viza! Nimecheka juu ya kitanda mpaka dada wa kitanda cha chini akagonga mbao. Kisha nikalia, maana nimeelewa umeona haya kiasi gani hata ukafika huko. Samahani. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa wangu, kwa hiyo sina la kukulaumu.

Sirudi, Mama.

Unakumbuka nina miaka kumi na sita nilikuomba unifundishe? Ulikuwa unatoka kumkanda mtu huko Leyton, unanukia mafuta ya nazi na karafuu. Ukaigeuza hii mikono yangu, ukasema, "Hii ya kalamu." Nikashika kalamu. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya kaunta nikiwapa kinamama maboksi ya vidonge vya maumivu, kimoja asubuhi kimoja jioni, na mwezi unaofuata wanarudi wamepinda vile vile. Nimechoka kuwapa vidonge watu wanaotaka kushikwa. Na unasema utanifundisha kidogo. Mie sitaki kidogo. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Asubuhi tunasoma chuoni mpaka saa tisa. Jioni nafanya mazoezi barazani hosteli, na wateja sikosi. Msichana mmoja kutoka Brazil amekandwa mara nne na kila mara analala nikiwa bado mguu wa kwanza. Vidole gumba vyangu vimevimba. Pa Noi kaviona, akatikisa kichwa, akanionyesha vyake, vimepinda kama tangawizi. Kumbe na yeye alikuwa mkandaji, miaka arubaini. Kaniambia vidole vikiisha watu wanadhani na kazi imekwisha, akajipiga kiwiko, akacheka.

Radhi naiomba tena. Na ntaendelea kuiomba, nikiwa hapa hapa.

Mwanao,
Jokha


Chiang Mai,
31 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Wiki mbili hujanijibu. Sijui kama unakula, sijui kama unalala, na namuuliza Nassor kwa siri kama jasusi. Natumai u mzima.

Kanambia Zahra kajifungua Jumatatu, mtoto wa kike. Alhamdulillahi! Hongera Bibi. Kanambia pia la jana. Kwamba unachukua treni mbili mpaka kwao Hounslow, saa na nusu kwenda, saa na nusu kurudi, na jana mikono ikakukataa, ndoo ya maji moto ikakuponyoka ikamwagika bafuni kote. Kwamba ulijifungia humo na walikusikia unalia. Kaniambia, "Jokha, rudi."

Nilitafuta tiketi. Nilifika mpaka pale pa kulipia. Pa Noi alikuwa pembeni anakunja mashuka ya wageni, akaona uso wangu, akaniuliza. Nikamwonyesha picha ya mikono yako, ile uliyoshika keki siku ya Idi. Akaitazama sana. Kisha akaniambia nilale mkekani, akanikanda saa nzima bila kutumia kidole hata kimoja.

Kwa hiyo soma, Mama, na usikasirike. Mlaze Zahra ubavu, mto katikati ya magoti. Tumia mkono kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo, ule upande wa nyama, uegemeze kwa uzito wa mwili wako, polepole, kama unasukuma chapati. Nguvu itoke kiunoni kwako, mkono uufuate tu. Miguuni usibonyeze, pitisha tu, mwepesi. Na ndoo usinyanyue tena. Wao hapa na wao humuweka mzazi kwenye joto, Mama, kama sisi! Hufunga mchaichai, manjano mabichi na majani ya ndimu ndani ya kitambaa, liwe donge, wakalitia kwenye mvuke, wakamkandia nalo. Donge unaweza kulishika kwa viganja viwili bila kukunja vidole. Lijaribu kwanza mkononi kwako lisimuunguze.

Tiketi sikununua. Mtihani ni tarehe ishirini na tano Februari. Nikirudi leo ntakuwa na nusu ya kazi, na nusu haitamsaidia Zahra, wala mie, wala weye.

Mwanao,
Jokha


Walthamstow,
11 Februari 2025

Mwanangu Jokha,

Marahaba, marahaba mara mbili, na ile ya barua iliyopita ambayo sikuijibu. Tu wazima. Mtoto mzima, mweupe kama maziwa, analia kama muadhini. Weye hujambo? Vidole gumba vimepona?

Kumkanda mzazi kwa kiwiko! Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu ndani ya treni mpaka mtu akahama kiti. Nikasema huyu mtoto kapotea kabisa. Lakini asubuhi yake nikamlaza Nassor chini nimjaribie, maana mwanamme hata akivunjika kidogo si kitu. Kapiga kelele kama anachinjwa, kisha akanyamaza, kisha akakoroma. Nikatia akilini. Nikenda sokoni kwa Harish, yule mzaliwa wa Mombasa, nikamwambia nipe mchaichai, manjano mabichi, na majani ya ndimu. "Unapika nini, Bibi?" Nikamjibu, "Nampika mtu." Kanipa na tangawizi bure.

Leo siku ya kumi namkanda Zahra hivyo. Mikono haijaniuma. Zahra analala, anakula, anacheka. Ila tumbo si la kiwiko, na huyo Pa Noi mwambie nimesema mie. Kwengine kote, mpe mkono wa ahsante.

Sasa kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Nilipomzaa kakako, Unguja, bibi yako alinikanda siku arubaini kamili, hakuruka hata moja. Weye nilikuzaa hapa Walthamstow, Februari ya 1991, chumba kimoja, theluji imeziba mlango. Babako yuko kazini uwanja wa ndege. Mwanamke wa kwetu nisimjue hata mmoja. Siku ya tatu nilichemsha maji kwa birika, moja baada ya moja, nikajikanda mwenyewe. Miguu nikaiweza. Tumbo nikaliweza. Mgongo mikono haikufika. Nikajaribu kwa taulo, navuta huku, navuta huku, weye unalia kitandani. Siku ya tano nikaacha. Mganga hajigangi.

Baadaye watu walinijua, nikawakanda, sijui wangapi, London nzima. Wote waliondoka wamenyooka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Na weye je?" Ndipo nikaapa kuwa mwanangu hatakuwa mtu wa kukanda wenzake naye asiwe na wa kumkanda. Nikakwambia kalamu. Ya watu watasema nini yalikuwa kisingizio tu. Nilikuwa na uchungu, Jokha, na uchungu ule nikautia kwenye kazi yenyewe, na kazi haina kosa.

Juzi kwenye kisomo nilisimama. Nikawaambia Jokha hakwenda Makka, nilisema uongo, Mungu anisamehe na nyie mnisamehe. Yuko Thailand, kitanda cha juu, anajifunza kazi ya bibi yake. Bi Shemsa akasema, "Na Zamzam yangu?" Nikamwambia hakuna. Akanuna. Tulipokuwa tunavaa viatu akanivuta pembeni kuniuliza unarudi lini, goti lake halimpi usingizi.

Radhi zangu unazo, za moyo na za ulimi. Usirudi kabla ya mtihani. Maliza.

Mamako


Chiang Mai,
26 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na mabusu kwa mtoto mpaka shavu liwe jekundu. Natumai umeamka vizuri na mgongo haukuumi. Safari hii nauliza mgongo kwanza, na nataka jibu la kweli.

Nimefaulu. Mwalimu kasema mkono wangu mzito lakini hauna haraka. Pa Noi kaambiwa maneno yako ya tumbo, kayasikiliza mpaka mwisho, akasema mamangu ni mtu wa kazi. Kanipa mkeka wake mmoja. Begi halifungi.

Barua yako niliisoma kitandani juu, nimefunga pazia. Sikuijibu siku zile kwa sababu kila nikianza niliandika maneno ya kulia tu, na weye hukuniambia nilie, uliniambia nimalize. Nikasoma. Na kila mgongo nilioukanda tangu siku ile, wa Mbrazili, wa mwalimu, wa wageni, nilikuwa najifunza mmoja, wako.

Ndege inatua Ijumaa jioni. Zahra bado ana siku zake nane, ntazimaliza, lakini Zahra ni wa pili. Wa kwanza ni weye. Usinambie umri umepita, usinambie uzazi ule ulikwisha zamani, usinambie Ramadhani inaingia na kuna sambusa za kukunja. Nassor atakunja. Tunaanza Jumamosi baada ya futari, na ni siku arubaini, Mama, sipunguzi hata moja. Sikuombi, nakuarifu.

Tandika chini, washa hita, ulale kifudifudi. Pale pa mgongo ambapo mikono yako haikufika, ndipo ntakapoanzia.

Mwanao, mkandaji wako,
Jokha