Hataki Tumsindikize

Mtaa wa Jericho, Jumapili jioni. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa na jua leo halikutoka kabisa. Hata lingetoka, uso wangu usingefunguka.

Nianze na yule mama, Consolata. Ndiye anayewapeleka wasichana Arabuni kufanya kazi za nyumbani, na mdogo wangu Naliaka alikuwa asafiri naye kesho alfajiri. Tangu siku ya kwanza sikumwamini. Mume wangu anasema ninashuku hata kivuli changu. Sawa. Lakini mtu gani anakuja kwako kila mara na mkate na sukari, anakusifia watoto, na ukimuuliza tajiri wa huko anaitwa nani, anakuuliza kama chai ina tangawizi?

Pasipoti ya Naliaka anaiweka yeye. Eti isipotee.

Hayo yote niliyameza. Kilichonikaa kooni ni alichosema juzi: tusimsindikize. Wasichana watalala kwake Jumapili, asubuhi waondoke kimya kimya, jamaa wasisumbuke kwenda uwanja wa ndege.

Kimya kimya? Hapa mtaani mtu haendi ng'ambo kimya kimya. Kijana wa jirani alipokwenda kusoma India tulikodi lori. Kwaya ilikuwemo, nyanya yake alikuwemo, hata watu wasiomjua walipanda ili wakaone ndege. Tuliomba, tukapiga picha, tukapunga mikono mpaka ndege ikapotea, na huenda haikuwa hata yake. Sasa huyu anayetaka kumchukua mtu wangu nisipoona, anaficha nini?

Jana nilimwendea Baba Otieno wa nyumba ya pili, karani wa mahakama. Alinieleza kwamba katiba ya nchi inakataza mtu kuwekwa utumwani au kulazimishwa kufanya kazi, tena kwa maneno yaliyo wazi. Nikamuuliza kama katiba hiyo itapanda ndege na Naliaka. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Akiwa hapa, Mama Wafula, naweza kukuitia askari," akasema. "Akiwa huko, nitakuitia nani? Hakikisha pasipoti iko mkononi mwake."

Basi leo baada ya kanisa nikawaalika akina mama wote wa kwaya, bila kumwambia Naliaka. Nilijiambia kwamba kama Consolata ni mtu wa haki, atakunywa chai nasi, atatoa pasipoti mbele ya watu, tutaomba, nami nitamtaka radhi.

Saa kumi hivi, saa aliyosema atakuja kumchukua Naliaka, gari lake jeupe la Pijo likakata kona. Tulikuwa tumejaa mpaka barabarani, akina mama na sare zao, watoto wameshaanza kuimba. Gari likapunguza mwendo. Nilimwona vizuri nyuma ya kioo, naye akaniona. Kisha likarudi kinyumenyume mpaka kwenye kona, likageuka, likaenda zake.

Hakurudi.

Baba Otieno amesema kesho atatupeleka polisi tukaripoti habari za pasipoti. Akina mama walikunywa chai yote, wakaniita mwerevu, wakasema Mungu amenipa macho. Nilianza kujiona.

Naliaka hakulia. Aliketi juu ya sanduku lake mpaka mgeni wa mwisho alipotoka. Nikamwambia kwamba nimemwokoa, kwamba nchi hii hairuhusu mtu kumtumikisha mwenzake. Akaniangalia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Dada, ulinileta hapa ili nijifunze kushona," akasema. "Wafula alikuwa hajazaliwa. Leo yuko darasa la pili. Nimepika, nimefua, nimekulelea watoto, na cherehani sijaigusa. Muulize Baba Otieno kama hiyo sheria inaingia mpaka humu ndani."

Nilitaka kumjibu kwamba yeye ni damu yangu, kwamba hata mimi nililelewa hivyo kwa shangazi, kwamba kwetu mdogo mtu humsaidia mkubwa wake na hakuna anayeita hiyo kazi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha nikakumbuka kwamba Consolata naye huwaita wale wasichana wanawe.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Sasa amelala, au anajifanya. Nimemshuku kila mtu anayekanyaga mlango huu, na nyumba yenyewe sikuwahi kuitilia shaka.

Kesho jiko nitawasha mimi. Nitampakulia uji, nitamuuliza kama bado anataka kushona, twende kwa fundi kabla hata ya polisi. Lakini akiniambia anachotaka ni kuondoka kwangu, je, nitamwachilia?