Mbio za Jumatano Chumbani kwa Fiacre

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, kusini mwa Johannesburg
Tarehe: Ijumaa, 21 Juni 2013. Saa tano asubuhi.
Jina la shahidi: Khatibu Jumbe
Umri: Miaka 72
Kazi: Fundi baiskeli
Makazi: La Rochelle, chumba cha uani
Lugha: Kiswahili, kupitia kwa mkalimani, Bi. Fauzia Karimu

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya nikiwa na akili zangu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu, kwa sababu kijana anayeitwa Fiacre yumo ndani ya kituo hiki tangu jana jioni, na mimi najua Jumatano alikuwa wapi.

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Johannesburg nina miaka kumi na minne. Natengeneza baiskeli barazani mwa nyumba tunayopanga, na halijaletwa gurudumu lililopinda nikashindwa kulinyoosha. Mwaka wa sitini na sita nilishinda mbio za Tanga hadi Muheza, kwenda na kurudi, kwa baiskeli ya chuma yenye keria, nikapewa beberu na shuka. Ofisa ameniambia hayo hayahusiani na kesi. Nimemwambia aandike tu, yatahusiana huko mbele.

Fiacre ni Mrundi, kijana wa miaka ishirini na kitu. Anapanga chumba cha mbele, yeye na mkewe Epiphanie. Anafanya kazi kwenye duka la baiskeli Sandton, anaunganisha baiskeli mpya na kuosha za matajiri. Anao ufunguo wa stoo kwa kuwa yeye ndiye anayefungua asubuhi. Ufunguo huo huuvaa shingoni kwa uzi mwekundu, hata akienda kuoga.

Mnamo mwezi wa Mei, baridi ilipoanza, Fiacre alikuja nyumbani na mashine. Meneja wake ndiye aliyempa, mteja alikuwa ameirudisha dukani akidai inapiga kelele. Ni miguu ya chuma inayobana gurudumu la nyuma, na kinu kidogo kinachosuguana na tairi. Unakanyaga, gurudumu linazunguka, na huendi popote. Waya unatoka pale unaingia kwenye kompyuta, na kompyuta inaonyesha barabara ya milimani na vijitu vinavyoendesha baiskeli, kila kimoja na jina juu ya kichwa. Nyuma ya kila kijitu kuna mtu wa kweli, yuko kwake anakanyaga kama wewe. Mlima ukija kwenye picha, kinu kinajikaza chenyewe na mguu unauona uzito wake.

Nilimwambia, "Hii si baiskeli, ni cherehani. Utanishonea kanzu?"

Akacheka. Akasema, "Muzee, watu ya Sandton wote wako nayo. Giza inaingia mapema, na kule barabarani wanakunyang'anya baiskeli pamoja na viatu."

Wiki ya kwanza hakujua pa kuanzia. Alikuwa amefunga tairi la vibonge, la njia za matope, likinguruma mpaka Tania, mwenye spaza, kile kiduka cha getini, akaja kuuliza kama tumefungua mashine ya kusaga mahindi. Mimi nilimvalisha tairi laini, nikalijaza upepo mpaka likawa gumu kama ukucha. Nikatandika zulia chini ili sakafu isilie. Nikaweka ubao chini ya gurudumu la mbele, maana nyuma palikuwa pameinuka na yeye alikuwa akiendesha kama mtu anayeteremka shimoni. Nikamwambia kinu akikaze kidogo tu, akikikaza sana kitamlia tairi. Mambo ya kompyuta siyajui. Hayo mengine yote ni mkono wangu.

Kila Jumatano jioni duka lao na wateja wake hushindana kwa mashine hizo. Meneja alimwambia Fiacre kwamba akizoea kumaliza katika watano wa kwanza, watamwingiza kwenye timu ya duka ya barabarani, baridi ikiisha. Kijana aliacha hata kutazama mpira.

Mnamo Jumatano tarehe 19 Juni, nilisali isha, nikaenda chumbani kwake. Epiphanie hakuwepo, anasafisha ofisi Doornfontein zamu ya usiku. Tulikuwa wawili. Kabla ya kuanza Fiacre aliuvua ufunguo shingoni, kwa kuwa ulikuwa ukimgonga kifuani, akautundika kwenye usukani. Feni aliizima ili umeme usikimbie. Mbio zilianza saa moja kamili usiku, na pembeni mwa picha paliandikwa kwamba washindani ni arobaini na mmoja.

Kwa haki yake nasema aliendesha vizuri, mgongo umelala, kichwa kimetulia. Alikuwa wa tatu. Ilipofika kama saa moja na dakika ishirini, boksi la umeme likaanza kulia. Umeme wetu ni wa kununua, na boksi liko ukutani jikoni. Namba za kuingiza alikuwa nazo kwenye simu. Lakini ukiacha kukanyaga kijitu chako kinasimama, na umeme ukikatika mbio zote zinapotea. Akasema, "Muzee, panda. Dakika mbili tu. Usiache isimame."

Nikapanda na makubazi yangu.

Mlango wa jikoni unatazamana na mlango wa chumba, na yote miwili ilikuwa wazi. Nilikuwa nauona mgongo wake akibonyeza namba. Akarudi. Akasema, "Sharp, Muzee, imeingia. Shuka."

Nikamwambia, "Ngoja nimpite huyu mmoja."

Katika zile dakika mbili walikuwa wamenipita wanne, na wa nne alikuwa na jina la Olive. Tanga sikuwahi kupitwa na mwanamke, hata wa kwenye gari nilikuwa namwacha kwenye kona. Fiacre akasema tena, "Muzee, nafasi yangu." Nilimsikia. Sikushuka.

Nimeulizwa kwa nini sikushuka. Najibu kwamba miguu ilikuwa imekumbuka. Tangu niache kuendesha miaka mingi imepita, magari ya mji huu hayamwoni mtu, na mimi nilikuwa nimekubali kwamba baiskeli kwangu ni kitu cha kugeuza juu chini na kutengeneza. Nilipopanda pale miguu ikaanza yenyewe. Pumzi ndiyo ilikuwa imesahau.

Ni kitu cha ajabu, ofisa, kama hujawahi. Pale kwenye picha unajiona mgongo. Mbele yangu alikuwa kijana mwembamba mwenye jezi, jina lake Fiacre, na kila alichofanya kilitoka kwangu. Nilimtazama akiachwa na mmoja baada ya mmoja. Nikamwonea huruma. Halafu nikakumbuka ni mimi.

Barabara ile haina harufu. Haina mbwa wala mtu wa kukusalimia kwenye mlima. Wanaokupita hawageuki. Kubwa kuliko yote, haina upepo. Baiskeli ya kweli inajipepea yenyewe, ukienda ndipo unapopoa. Mle ndani unachemka kama sufuria. Nikaanza kuona vinyota. Hapo Fiacre alichukua boksi la kadibodi, akasimama kushoto kwangu, akaanza kunipepea. Kiti chake hakukidai tena. Alikuwa akiniambia, "Gea ndogo, Muzee. Usivute usukani." Mimi niliyemwekea tairi.

Ufunguo pale kwenye usukani ulikuwa ukigonga chuma kila nikikanyaga, tin, tin. Ulinikera. Nilitaka kumwambia autoe lakini sikuwa na pumzi ya kutolea neno. Ofisa ameniambia kwamba stoo ya duka ilifunguliwa kwa ufunguo, bila kuvunjwa, saa mbili kasoro dakika kumi, na baiskeli tatu zikatoka. Saa ilikuwa pembeni mwa picha, niliitazama kuliko nilivyotazama barabara. Wakati huo ufunguo wa Fiacre ulikuwa chini ya pua yangu, La Rochelle. Nani mwingine ana ufunguo, hilo mwulizeni mwenye duka.

Nilifika saa mbili na dakika saba. Kule kwenye picha hapakuwa na mtu tena, ni milima tu. Fiacre akanipa maji, akazima kompyuta. Akasema, "Umefika, Muzee. Wengi ya umri yako hawafiki." Mkono wake mmoja alikuwa akiukunja na kuukunjua kwa kuchoka. Mimi nikaenda kulala.

Mnamo Alhamisi tarehe 20 Juni asubuhi, nilikwenda spaza kununua mkate. Watu walikuwepo. Tania akaniuliza, "Mzee Khatibu, jana ulikuwa unakoroma au unakata roho?" Wakacheka. Nikawaambia nilikuwa nashindana na matajiri arobaini wa Sandton, na nimekuwa wa tatu. Mimi nilipokuwa napanda tulikuwa wa tatu kweli. Wakanipigia makofi, mmoja akaninunulia soda. Nikaenda mjini kutafuta spoki, nikakaa huko mpaka magharibi.

Niliporudi nilikuta polisi wamekuja na wameondoka na Fiacre. Nilivyoelezwa ni hivi. Meneja wake naye alikuwa kwenye mbio zile, akiwa kwake, na alimwona Fiacre wa tatu akirudi nyuma kama jiwe. Akawaambia polisi kwamba aliyekuwa juu ya baiskeli tangu dakika ya ishirini si Fiacre, Fiacre kamweka mtu na yeye kaenda kufungua stoo. Fiacre aliwaambia ukweli, kwamba mtu huyo ni mzee wa uani, na yeye alisimama pembeni mpaka mwisho. Mimi nikiwa sipo, polisi wakamwuliza Tania kama amesikia habari za mzee na mbio. Tania akawaambia alichosikia kinywani mwangu: mzee amemaliza wa tatu. Kompyuta ya meneja ilisema jingine. Wakaona ni hadithi tumeitunga uani, tena tumeitunga vibaya.

Usiku ule nilijiambia Fiacre atatoka tu, ni mtoto mwema, watamwona.

Leo asubuhi Epiphanie alirudi kutoka kazini akagonga mlango wangu. Sikumwona akilia. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Akauliza, "Muzee, ulimaliza ya ngapi?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya baiskeli, hawezi kuyajua.

Akasema, "Fiacre amelala chini kwa simenti. Mimi nauliza namba tu."

Nilivaa koti, nimekuja kulijibu swali lake hapa.

Nilimaliza wa mwisho.

Nimeulizwa kwa nini niaminiwe leo wakati jana nilisema jingine. Najibu hivi: wako watu kwenye benchi hapo nje. Waulizeni ni nani kati yao angetembea kutoka kwake aje kujitungia kwamba ameshindwa na watu arobaini, mmoja wao Olive. Na mimi mnanijua sasa, nimeshasema habari za beberu.

Nimeulizwa kama nilimwona Fiacre kwa macho yangu muda wote, tangu saa moja na dakika ishirini mpaka saa mbili na dakika saba. Najibu, hapana. Macho yalikuwa yamejaa jasho, na mara nyingi niliyafumba. Sitasema nilimwona wakati sikumwona. Lakini chumba kile upande wa kushoto ni ukuta mtupu, hakina dirisha, na feni ilikuwa imezimwa. Upepo ulikuwa ukinijia kushoto. Ulikuja hafifu alipochoka, akabadili mkono, ukarudi. Haukukatika mpaka nilipofika. Angekwenda Sandton ningejua mara moja, kwa sababu ningeanguka.

Niliyonayo yameisha. Niko tayari kuyasema tena mbele ya hakimu, na mbele ya Tania pia.

Sahihi ya shahidi: Khatibu Jumbe

MAELEZO YA OFISA: Mimi, Sajini Ramoshaba, nathibitisha kwamba shahidi amesomewa maelezo haya kwa Kiswahili na mkalimani na ameyakubali. Alipewa wino wa dole gumba akaukataa, akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja. Kabla ya kusaini aliomba maneno "wa mwisho" yafutwe, paandikwe "wa arobaini na moja". Nilimweleza kwamba maana yake ni ile ile. Akauliza lipi litamsaidia kijana zaidi. Nikamwambia, lile ambalo kila atakayesoma ataelewa bila kuuliza. Akasema, "Basi liache lilivyo."

Maelezo yamekabidhiwa kwa mpelelezi wa kesi saa sita na nusu mchana. Shahidi aliambiwa anaweza kwenda nyumbani. Hadi naandika haya amekaa kwenye benchi la nje, na amenunua chupa mbili za maji.