Boriti Nilizozikataa

Mama Kemunto wangu,

Leo nilipotoka kanisani nilipitia kaburini kwako. Nilikaa pale kwenye migomba, nikashindwa kusema nililolifuata. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka nilipopata ile kazi ya kupima boriti za daraja letu la Gesima, miaka michache baada ya uhuru? Ulinicheka. "Saruji ikishakauka si imekauka? Mnapima nini tena?" Tulikuwa tunachuma majani chai, nikakueleza kwamba ndani ya boriti kuna nyaya za chuma zinazovutwa kabla ya zege kumwagwa, ili ziibane isipasuke. Tunaiwekea mzigo mzito kupita lori lolote, inapinda, kisha tunautoa. Boriti nzuri hujinyoosha yenyewe. Ukasema, "Kama mgongo wangu nikitua kikapu." Nilicheka mpaka nikamwaga majani.

Siku ya kupima, watu walitoka sokoni kuja kutazama. Tulipotoa mzigo, boriti ilibaki imepinda, na ufa wa chini ukabaki wazi, ukucha wangu unaingia. Ya pili ikawa vilevile. Mkandarasi akalalamika kwamba mvua inakaribia na watu wamengoja mno. Mhandisi akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyekuwa chini yake. Ungeipitisha?"

"Hapana."

Naye akakubali. Zikavunjwa zote, tukaanza upya.

Jioni ukaniwekea chakula, ukakaa karibu nami kuliko kawaida. "Watu watakulaumu."

"Najua."

"Waache walaumu. Bora wawe hai."

Mvua ikaja kabla boriti mpya hazijakomaa. Nawe uchungu ukakushika kabla ya siku zako. Jirani alitoa pikapu yake tukupeleke hospitali Kisii, tukafika mtoni tukakuta maji yamemeza kivuko. Nguzo za daraja zilikuwa zimesimama pale, juu hakuna kitu. Ulinishika shati.

"Mbona tumesimama?"

"Maji yatapungua sasa hivi."

Yalipungua asubuhi. Wewe na mtoto wa tumboni mlikuwa mmeshaniacha.

Kwenye mazishi hakuna aliyenilaumu mbele ya uso wangu. Boriti mpya zilipita kipimo, daraja likafunguliwa kwa nyimbo, mimi nikabaki nyumbani nikipalilia chai ambayo haikuwa na magugu.

Kemunto wetu, uliyemwacha akiwa mdogo, sasa yuko darasa la saba. Ana macho yako, na maswali yako pia. Juzi alikuwa akisonga ugali, akaniuliza bila kugeuka, "Baba, zile boriti za kwanza, hazingeweza kubeba gari moja tu? Lile la mama?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Gari moja, huenda zingebeba."

Aliepua sufuria, akatoka nje. Tangu hapo ananisalimia, ananiwekea chakula, lakini haketi kula nami. Sijui kama atarudi kwangu. Sithubutu hata kumwomba.

Nililoshindwa kukuambia leo ni hili. Kila lori la majani chai linapovuka salama, watu wakiwa wamejazana juu yake, najua nilifanya sawa, na sipati faraja yoyote. Ningerudishwa mbele ya boriti zile kesho, nikijua yote yatakayokupata, nadhani ningesema tena hapana. Nimeona ni heri ulisikie kwangu, mama Kemunto, hata kama litakufanya nawe usitake kuketi nami.

Pumzika. Mtoto mfunike.

Mume wako,
Baba Kemunto