Udongo Uliorudi na Wafula Nyumbani

Baba yangu,

Leo imenyesha mvua kubwa, na ilipokatika nilishuka mtoni kuangalia maji. Nimerudi na habari yako. Kusoma hukujifunza, kwa hiyo nitakusomea mwenyewe, kwa sauti, hapo ulipolala juu ya tuta la kwanza.

Unakumbuka tuliporudi kutoka Kitale? Ulilima mahindi ya mzungu mpaka siku alipokuambia uondoke, na tukaja kwenye mteremko wa babu, huku nyuma ya Lugulu, na mbuzi wetu na ile plau uliyoipenda kuliko sisi. Chini kulikuwa na mto, na kwenye kona yake sitosi, mahali penye tope jeusi, baridi, ambalo wavulana wa ukoo hupakwa alfajiri ya siku ya kutahiriwa. Mama alichota maji juu kidogo ya hapo. Ukichungulia mtungi wake uliona mpaka chini.

Kisha bwana shamba akaja na amri ya kuchimba matuta kukingama mteremko. Kijiji kizima kilichimba kwa kununa. Hata mvua haijayajaribu, asubuhi moja ulifunga ng'ombe ukayasawazisha yote kwa plau. Mama alikukimbilia.

"Baba Wafula, si watakufunga?"

"Wanifunge! Shamba yote yenye iko na matuta kule Kitale ni ya mzungu. Sisi tukichimba, tunampimia yeye."

Majirani waliona umesema kweli, nao wakavunja ya kwao. Sikulaumu kwa hofu ile. Ulikuwa umeshafukuzwa mara moja, na watoto wako wakiangalia.

Lakini mvua ilipokuja, mto uligeuka mwekundu. Mama alikuwa anaacha mtungi utulie mpaka mchana, na bado tope lilijaa chini. Matumbo yetu yaliuma msimu mzima. Wewe ulisema yatapita, na ukalima mpaka ukingoni kabisa.

Ukafika mwaka wa Wafula kutahiriwa. Wanawake hatushuki sitosi siku hiyo, tulingoja uani. Niliwasikia mkija mkiimba, kisha nikamwona ndugu yangu. Hakuwa mweusi. Alikuwa mwekundu kutoka kichwani hadi miguuni, na kifuani kwake kulikuwa kumeganda kipande cha bua la mahindi. Wewe ulikuwa umeacha kuimba. Ulimbandua lile bua ukasema polepole, "Hii ni udongo ya shamba yangu."

Wafula alisimama imara mbele ya kisu, hakupepesa jicho, na watu wakashangilia. Wewe hukula siku hiyo.

Kiangazi kilichofuata ulichimba matuta upya, kwa jembe la mkono, bila kuamriwa na mtu. Uliacha ukingo wa mto ukapanda matete. Walikucheka sana: "Ati mzee amekuwa bwana shamba!" Uliendelea kupima mstari wa matuta kwa kamba. Mimi nilikushikia kamba upande wa pili, na ni mimi tu uliyeniambia, "Nekesa, nilikuwa naangalia barabara, kumbe mwizi alikuwa anapitia hapa kwa maji." Ulifariki kabla mvua haijaanza, na hukuyaona matuta yako yakifanya kazi.

Hilo ndilo linaloniuma, Baba. Wakati mwingine bado nakukasirikia kwa ile asubuhi ya plau. Halafu nakumbuka mgongo wako ulioinama kiangazi kizima, nami nalia.

Sasa habari yenyewe, baada ya miaka kumi na zaidi. Leo mfereji wa jirani umeshusha maji mekundu kama zamani, lakini ya kwetu yamesimama nyuma ya matuta, na yale machache yaliyopita kwenye matete yalikuwa meupe. Nilimkuta Wafula sitosi, amechimbua mchanga mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Simiyu, yule mdogo uliyemwacha mgongoni kwa mama, anatahiriwa mwezi wa nane. Wafula alinitolea donge jeusi.

"Dada, shika. Sikia baridi yake. Huyu atapakwa tope ya mto."

Nililishika mpaka vidole vikafa ganzi, nikalileta hapa kwako.

Pumzika, Baba. Mzungu hakuja. Mvua imekuja, na udongo wako haujaenda mahali. Wewe mwenyewe umo ndani yake.

Mimi binti yako, niliyeshika kamba upande wa pili,
Nekesa