Milioni Moja na Tatu

Mjukuu wangu Chebet,

Usishtuke, mwandiko ni wangu. Nilikwenda ngumbaru pale kanisani nikajua kuandika, na sitaki mtu wa kuniandikia mambo ya nyumbani. Kwanza nikugombeze: tangu tupalilie mahindi mpaka tumevuna, hujaandika hata mstari. Huko Ulaya unakosomea hesabu hakuna kalamu?

Unakumbuka mvua ya mawe ilipochana majani ya chai, tukakaa jikoni kwa sababu hakukuwa na cha kuchuma? Ulishika makaa ukaandika ukutani milioni moja na tatu. "Kogo, hii haigawanyiki."

"Upuzi," nikakujibu. "Kwetu mbuzi mmoja anagawiwa ukoo mzima."

Ukacheka. "Mbuzi anakatwa, Kogo. Hapa mafungu yalingane na kisibaki kitu."

Ukagawa kwa tatu, ikabaki moja. Kwa saba, ikabaki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena! Unajua sisi hatuhesabu ng'ombe wala watoto, kinachohesabiwa kinapungua, na mama yako alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Nikakuambia ufute. Ukasema utafika elfu moja tu, kwa maana kama iko nambari kubwa kupita elfu inayoigawanya, mwenzake lazima awe chini ya elfu, na tungeshampata. Hilo nililielewa. Usidhani sikulielewa.

Ulijaza ukuta mpaka nyuma ya mtungi. Hakuna iliyoigawanya. "Ni moja na yenyewe tu, Kogo!" Uso wako ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tumzike mama yako, ndiyo maana sikukuambia tena ufute. Lakini niliogopa. Kitu kikubwa hivyo, na hakina jamaa?

Sasa naogopa zaidi. Juzi nilimuuliza mwalimu wa hesabu aliyepanga kwa jirani, hizo nambari zisizogawanyika zinaishia wapi. Akasema haziishi, ukishika moja iko kubwa zaidi mbele. Nilirudi nyumbani bila kumuaga. Siku unaondoka, pale stendi ya Sotik, si uliniambia, "Nikimaliza hizi nambari zangu nitarudi"? Ulikuwa unajua? Basi ulimdanganya mzee. Na kama hukumdanganya, utazifuata mpaka lini? Macho yangu yanafifia, Chebet. La kushoto limeshakwenda. Usiku naogopa kulala, nisije nikaamka na la kulia nalo limekwenda, na wewe hujaja.

Sikia. Sina shule, lakini chai nimeichuma tangu mama yako akiwa mgongoni, na chai nayo haiishi. Ukifika mstari wa mwisho, ule wa kwanza umeshachipua. Hata hivyo jioni tunateremsha kikapu tunakwenda nyumbani, na hakuna aliyewahi kutuita wavivu.

Teremsha kikapu, mtoto. Njoo nikuone.

Mimi Kogo wako, aliyemzaa mama yako.